Nafasi ya Ishirini

Nilisema uongo siku ya Alhamisi, saa nne na dakika kumi asubuhi, nikiwa nimevaa blauzi niliyoishona mwenyewe na nimepaka mafuta midomoni. Nilimwambia nesi wangu, Sista Mwongeli, kwamba sauti zimerudi. Hazikuwa zimerudi. Kichwani mwangu mlikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu, na kimya hicho kilikuwa kimetimiza miezi kumi na sita.

Waliosema mficha maradhi kilio humfichua hawakunifikiria mimi. Mimi nilikuwa na uzima, nikauficha.

Najua mtanihukumu. Nihukumuni tu, nimezoea, lakini nisikilizeni kwanza.

Kituo chetu kiko Westlands, ghorofa ya tatu. Ghorofa ya pili kuna daktari wa meno, kwa hivyo ukipanda ngazi unasikia kwanza mashine ikitoboa meno ya watu ndipo ufike kwetu sisi wa vichwa. Kinachukua vijana ishirini. Hata uje na barua ya nani, hakichukui ishirini na mmoja. Ni vijana ambao akili imewaruka kwa mara ya kwanza, na kazi ya kituo ni kuwashika mapema, kabla maisha yote hayajawaponyoka. Unapewa miaka mitatu. Unamwona daktari mara moja kwa mwezi, unakuwa na nesi wako mwenyewe, na unapata Alhamisi. Alhamisi tunakaa pamoja kuanzia saa nne hadi saa nane, tunapika, tunabishana, tunafundishwa dalili zetu vile watoto wa nasari wanavyofundishwa a, e, i, o, u. Miaka mitatu ikiisha unaandikiwa barua ya kuhamia kliniki ya kawaida karibu na kwenu, na nafasi yako inapewa mwingine.

Barua yangu ilikuwa imeandikwa tayari. Nilikuwa nihamie kliniki moja huko Riruta, siku za Jumanne, pamoja na wagonjwa wa kisukari na presha. Nilikuwa nimeichungulia juu ya meza. Ilisema: Mercyline Nakhumicha, miaka ishirini na minne, hali yake ni imara. Neno hilo lilinikera mpaka leo linanikera. Daraja ndilo huwa imara. Mimi nilikuwa mtu anayefukuzwa kwa sababu amepona.

Niliugua nikiwa na miaka ishirini na mmoja. Wanaume watatu nisiowaona walianza kunitangaza. Sisemi waliniongelesha, walinitangaza, vile mpira unavyotangazwa redioni. Sasa anashika kijiko. Sasa anakiweka chini. Anajifanya hatusikii. Walinitangaza nikiosha uso, nikila, nikienda choo, mpaka nikaacha kufanya chochote ili wakose la kusema. Nikajifungia chumbani kwetu Riruta majuma matatu. Mama alileta mchungaji, akaleta shangazi, akaleta mtu mmoja wa Mutuini mwenye chupa ya mafuta, na wote waliukemea mlango kana kwamba mlango ndio mgonjwa.

Ndipo mwalimu mmoja wa shule anakopika Mama akamwelekeza kwenye kituo, na Sista Mwongeli akaja. Yeye hakubisha. Aligeuza karai letu la kufulia, akalikalia nje ya mlango wangu, akaanza kupiga hadithi za mbuzi wa mama yake huko Makueni. Mmoja wa mbuzi hao alikuwa na tabia ya kula sketi kwenye kamba. Jumatano ya kwanza alikaa saa nzima, akaaga, akaenda zake. Ya pili vilevile. Ya tatu, wale wanaume wakiwa wananitangaza kwa nguvu zao zote, nilijikuta nataka kujua kama ile sketi ya mke wa chifu ilipatikana. Ya nne nikafungua mlango niulize.

Sasa niambieni, mtu wa namna hiyo unamwachaje?

Nje ya kituo sikuwa na watu. Marafiki zangu wa chuo walikuwa wameniacha polepole, kwa adabu, mmoja baada ya mwingine, mpaka Ciru niliyekuwa nikilala naye kitanda kimoja hosteli akawa ananisalimu kwa mkono wa mbali kama mtu anayefukuza nzi. Lakini Alhamisi ningeweza kusema, "Leo watu wote barabarani walikuwa wananiangalia," na Ivyne, msichana wa Busia asiye na haya hata kidogo, angeniuliza mbele ya wote, "Walikuwa wanakuangalia kweli, ama ni vile umevaa hiyo kofia?" Tungecheka, na mimi ningepima jambo hilo na kuona kwamba, kwa haki, kofia ilikuwa mbaya.

Tulikuwa na desturi yetu pia. Anayeondoka hafanyiwi karamu. Anasimama mbele na kutufundisha kitu kimoja anachokijua, kisha anakwenda. Kitavi, aliyepata kazi ya mapokezi katika ofisi moja ya mjini, alitufundisha kufunga tai. Kumi na tisa tuliobaki tulikaa pale na tai za kukopa shingoni, wasichana kwa wavulana, tukikabwa. Alipomaliza alisema, "Basi," akachukua begi lake. Nilimsikia akishuka ngazi zote, moja moja. Siku hiyo ndipo nilipoanza kuogopa.

Alhamisi ile niliyosema uongo, ilikuwa imebaki wiki moja tu nami nisimame mbele hivyo.

"Sasa, Mercyline," Sista alisema nilipokaa mbele yake. "Wiki ijayo ndio yako. Umeamua utatufundisha nini?"

"Sista," nikasema, "zimerudi."

Aliweka kalamu chini. "Tangu lini?"

"Jumatatu."

"Wale wanaume?"

"Ndio. Wale wale."

"Wanasema nini?"

Hapo nilikuwa sijajiandaa. Dalili zote nilizijua, lakini maneno sikuwa nimeyatunga. Nikasema lililokuwa karibu. "Wananiambia nisiondoke hapa. Eti nikienda, kuna kitu mbaya itanipata."

Alinitazama kwa muda, halafu akatazama dirisha, halafu akaandika. "Pole sana, Mercyline," akasema. "Hiyo barua wacha tuiweke kando kwanza."

Moyo wangu uliruka kwa furaha, na ikanibidi niushike uso wangu usije ukaruka nao.

Sikuwa nimefikiria kwamba uongo nao una utaratibu wake. Siku hiyohiyo daktari aliniongezea nusu kidonge. Siku hiyohiyo Sista alimpigia Mama simu, kwa sababu ndivyo tulivyokuwa tumekubaliana tangu mwanzo, kwa mkono wangu na sahihi yangu: dalili zikirudi, Mama aambiwe.

Mama alikuwa ameanza kuimba tena. Hilo ndilo nilipaswa kulikumbuka. Yeye ni mpishi wa shule moja ya msingi huko Mutuini, hupika githeri ya mahindi na maharagwe kwa watoto mia tatu, na kwa muda wa karibu miaka miwili alikuwa akirudi nyumbani, anakaa kimya, ananisikiliza ninavyopumua. Mwaka huu ndio alikuwa ameanza tena kuimba akiosha vyombo. Jioni ile alipoingia hakuimba. Alikaa kando ya kitanda changu akashika mguu wangu juu ya blanketi. Asubuhi nilipoamka, mkasi wangu haukuwepo.

Mimi ni fundi wa nguo. Nilijifunza baada ya kuugua, kwa mwanamke anayeitwa Veronicah, ambaye ana kibanda cha mashine nne kando ya Naivasha Road. Kushona mtu yeyote anaweza kufundishwa. Kukata ndiko kazi, maana uzi ukikosea unafumua, lakini kitambaa kikikatwa kimekatwa. Veronicah alikuwa amenichagua mimi nikate kanzu arobaini za kwaya. Nilifika kazini bila mkasi.

"Mkasi wako uko wapi?" aliniuliza.

"Mama ameuficha."

Hakuuliza kwa nini. Alijua historia yangu, na niliona ikipita machoni mwake. Akanipa kazi ya kushona mikono. Ile nusu kidonge ilinilaza juu ya mashine, nikashona mkono mmoja juu chini. Siku ya tatu aliniambia kwa upole, "Enda nyumbani, Mercy. Lala kwanza." Kanzu za kwaya zikakatwa na Lornah, ambaye akikata mstari ulionyooka ni bahati.

Nikajipa moyo. Nikasema, haidhuru, nina Alhamisi.

Alhamisi ilipofika sikuipata. Walikuwa wote pale, viti vilevile, sufuria ileile, lakini walinipa nafasi karibu na dirisha na mtu akaniletea chai kabla sijaiomba. Ivyne alinitazama blauzi, ambayo nilikuwa nimeivaa ndani nje kwa usingizi, akanyamaza. Ivyne, kunyamaza! Nilimngoja anitanie mpaka saa nane ikafika. Nilikuwa nimedanganya ili nibaki mahali fulani, na mahali penyewe palikuwa pameondoka palipokuwa. Niliwatamani watu waliokuwa wamekaa mbele yangu. Hata kuwalilia sikuweza, maana kilio nacho kingeandikwa.

Wiki iliyofuata nilifika mapema. Nje ya mlango wa kituo kuna benchi, na juu yake alikuwa amekaa mzee mmoja wa makamo mwenye koti la kahawia na bahasha kubwa magotini. Nilikuwa nimepitia kibandani kwa Veronicah kuomba kazi tena, kwa hiyo utepe wa kupimia ulikuwa bado shingoni mwangu. Mzee aliuona akasimama.

"Daktari, samahani."

"Mimi si daktari, mzee. Mimi ni fundi wa nguo."

"Aa." Akakaa. Kisha akafikiri. "Lakini uko hapa?"

"Niko hapa kila Alhamisi."

"Basi pengine unaweza nisaidia. Naitwa Mwanzia. Ni msichana wangu, Munyiva, ako na miaka kumi na tisa. Amefunika madirisha yote na magazeti. Anasema majirani wanasoma mawazo yake wakipita, anawasikia wakiyarudia. Hali kitu chochote ambacho hajaona kikipikwa, kwa hivyo mama yake anapika akiwa amesimama hapo karibu naye, kila kitu, hata chai." Alisema haya yote kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyeyasema kwenye madirisha mengi ya ofisi. "Walituambia kuna nafasi. Mtu mmoja anatoka, wetu anaingia. Tukamwambia Munyiva, akakubali. Akavaa viatu. Unajua ilichukua siku ngapi avae viatu?"

"Ngapi?"

"Tano. Halafu simu ikaja. Yule mtu ameugua tena. Ngojeni kidogo."

Nilishika utepe wangu kwa mikono miwili. "Pole, mzee."

"Hapana, si makosa yake. Ugonjwa haupigi hodi." Akapangusa bahasha ingawa haikuwa na vumbi. "Sisi tunamuombea. Hatujui jina, tunasema tu, Mungu, yule wa Westlands, mponye. Mama Munyiva anafunga kila Jumatano kwa sababu yake. Na hata Munyiva, nilipomwambia huyo mtu amerudiwa, unajua alisema nini? Alisema, 'Maskini.' Alikuwa hajasema neno siku mbili."

Kuna watu wamewahi kunitukana. Kuna waliowahi kunipiga mgongo kwa Biblia. Hakuna aliyewahi kuniumiza kama mzee yule aliyekuwa akiniombea nipone, nami niko pale mbele yake, mzima, nimekalia nafasi ya mtoto wake. Niliingia ndani bila kumuaga. Nilipita chumba cha Alhamisi, nikaenda moja kwa moja kwa Sista Mwongeli, nikafunga mlango.

"Sikusikia kitu," nikasema. "Hazijarudi. Nilidanganya."

Sista alivua miwani. "Nilikuwa nashuku."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, kumbe hasira ikaja kwangu. "Ulishuku? Ulishuku na ukaniacha nimeze nusu kidonge kila siku? Nimeshona mkono wa kanzu juu chini, Sista! Mama ameficha mkasi wangu! Mbona hukusema?"

"Keti."

"Sitaki kuketi."

"Basi simama, lakini sikiliza. Zako hazijawahi kukuongelesha, Mercyline. Zilikuwa zinakutangaza tu, hazijawahi kukwambia uende ama ukae. Halafu ghafla zikaanza kukusihi usituache. Nikajiuliza, hizi zimenipenda lini?" Alikaribia kucheka, akajizuia. "Nilimwambia daktari shaka yangu. Ndio maana akaongeza nusu, hakuongeza nzima. Lakini pia kuna watu hurudiwa kweli wakikaribia kutoka, kwa hiyo nisingecheza. Na kuna kitu ingine. Mtu akiniambia anasikia, mimi namwamini. Nikianza kuchagua ya kuamini na ya kukataa, siku utasikia kweli utaogopa kuniambia. Heri unidanganye mara moja."

Nikaketi.

"Sasa niambie kwa nini," akasema.

"Unajua kwa nini."

"Najua. Nataka uiseme wewe."

"Kwa sababu sitaki kuondoka!" Nilianza kulia hapo, kwa kelele, bila kujali nani atasikia. "Huko Riruta nani ananijua? Nitapanga foleni na wazee wa presha. Mtu ataniuliza umekuja na nini, nianze hadithi yote toka mwanzo, na yeye anaangalia saa. Hatajua mambo ya mbuzi. Hatajua ati nikinyamaza sana ni vibaya, lakini nikigombana niko sawa. Wewe unajua. Na Ivyne. Nikitoka hapa, nani mwingine ananijua hivyo? Nitawamiss mpaka niugue."

Sista hakukimbilia kunibembeleza. Aliacha nilie vile alivyokuwa akiacha nikae nyuma ya mlango.

"Hata mimi nitakumiss," akasema mwishowe.

"Basi nibakishe."

"Kumiss mtu si dalili, Mercyline."

"Ingekuwa dalili mngekuwa na dawa yake."

"Ingekuwa na dawa, mimi ndiye ningekuwa wa kwanza kumeza. Unafikiri ni wewe peke yako? Nimetoa vijana thelathini na wanne kwa huo mlango. Mpaka leo nikiteleka chai ya Alhamisi, maji yanakuwa mengi kuliko watu. Naimwaga, wiki ijayo naiteleka tena hivyo hivyo." Akavaa miwani yake, ikawa lazima aivue tena aifute. "Jumanne ya kwanza nitaenda na wewe Riruta. Tutaingia pamoja, nimwambie huyo nesi wa huko vile unagombana. Jumanne ya pili nitakupigia simu tu. Ya tatu, hutanisikia."

"Na zikirudi za kweli?"

"Utamwambia yeye, na yeye atatupigia. Lakini utamwambia yeye kwanza."

Nilimchukia kwa dakika nzima. Kisha nikamwomba tishu.

Kumwambia Mama kulikuwa kugumu zaidi. Hakunipiga, ingawa sababu ya kutosha nilikuwa nimempa. Alikaa chini. Alilia, akacheka, akalia tena, akasema, "Nakhumicha, wewe utaniua ukiwa mzima," kisha akaenda jikoni, akazamisha mkono mpaka begani ndani ya gunia la mahindi, akatoa mkasi wangu. Ulikuwa na vumbi la unga kwenye makali. Jioni hiyo hakuimba. Kesho yake pia hakuimba, na sikuwa na haki ya kuuliza.

Alhamisi iliyofuata nilisimama mbele ya wenzangu. Niliwaeleza nilichofanya, kwa maneno machache, maana walistahili. Ndipo Ivyne akasema, "Kwa hivyo wiki mbili nimeacha kukutania bure? Unajua ile blauzi ilinikaa kooni aje?" Wakacheka, nami nikacheka nao.

Niliwafundisha kushona tundu la kifungo kwa mkono. Ni kazi ndogo na haina njia ya mkato. Unakata kwanza, na hapo ndipo watu huogopa, kwa sababu unatoboa nguo nzima kwa makusudi. Kisha unazungusha uzi ukingoni, mshono kwa mshono, ukivutwa sawa, ili palipokatwa pasichanike zaidi. Nilipita nyuma ya kila mmoja nikisahihisha vidole. Vidole vya Ivyne vilikuwa vinatetemeka kwa sababu ya dawa zake, nikavishika kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hakusema kitu, na safari hii kunyamaza kwake hakukuniudhi.

Saa nane ilifika. Sista Mwongeli alisimama mlangoni, hakunikumbatia, kwa sababu tulikuwa tumekumbatiana tayari ofisini na wote wawili tulijua hatungeweza mara ya pili. Nikasema, "Basi," nikachukua begi langu.

Nilishuka ghorofa moja nikilia kimyakimya. Pale kwa daktari wa meno, mashine ilikuwa ikilia. Kwenye ngazi, katikati kabisa, alikuwa amekaa msichana mwenye sweta la kofia lililovutwa mpaka kwenye nyusi. Viatu vyake vilikuwa vimefungwa kamba kwa mafundo mengi. Ngazi mbili chini yake alisimama Mwanzia na bahasha yake, akiwa ameishiwa maneno.

"Amekataa kuendelea," aliniambia, kama mtu anayemweleza mpita njia yeyote. Halafu akanitambua. "Ee, fundi. Yule mtu alipona. Walitupigia simu."

"Nilisikia," nikasema.

Msichana hakuinua kichwa. "Wanatoboa watu vichwa," akasema. "Sikia."

"Hiyo ni meno," nikamwambia. "Ya vichwa iko juu, na huko hakuna mashine. Kuna chai, tena nyingi kupita kiasi."

Nilikaa ngazi moja na yeye, nikiacha nafasi katikati, maana nakumbuka jinsi mtu akikaribia inavyokuwa. Mashine ikanyamaza. Ikaanza tena. Munyiva alikuwa akinitazama kwa pembe ya jicho.

"Watanifungia?"

"Hawafungii mtu. Shida yao ni ingine. Ukipata nafuu, wanakutoa."

Baba yake alikuwa ameshikilia reli ya ngazi kwa nguvu.

"Wewe wamekutoa?"

"Leo. Sasa hivi."

Mwanzia alinitazama. Niliona akihesabu Alhamisi zake kichwani, niliona alipofika kwangu, na midomo yake ikafunguka kidogo. Alivua kofia yake akaishika pamoja na bahasha.

"Ndio unalia?" Munyiva aliuliza.

"Ndio nalia."

"Inauma?"

"Inauma sana."

Alitoa mkono kutoka ndani ya sweta, polepole, akagusa sikio lake kwa kidole kimoja. "Kuliko hii?"

Ningeweza kumdanganya. Kudanganya nilikuwa najua. Nilitaka sana, kwa mara ya mwisho, kusema ndio, inauma kuliko hiyo, usiende, nirudishieni kiti changu. Nilisikiliza ndani yangu kama nilivyofundishwa. Hapakuwa na mtu anayenitangaza. Palikuwa na mimi tu, na nilikuwa nawatamani watu wa ghorofa ya juu.

"Hapana," nikasema. "Si kama hiyo. Hii ni ile inauma watu wote."

Munyiva alisimama. Alijaribu ngazi moja ya juu kwa mguu wake, akaona haivunjiki. Mimi nilisogea ukutani, nikakunja magoti ili apite.